Bibi Hafichi

4 Machi

Huna adabu. Nimeanza na hilo kabla ya salamu ili lisije likapotea katikati ya habari za nyumbani.

Sasa salamu. Hatujambo. Mama yako bado anashona sare za shule, mgongo unamuuma na hasikii la mtu. Mjomba wako amenunua feni, kelele zake ni za mashine ya kusaga na upepo wake ni wa kuomba, tunaikalia kwa zamu. Goti langu la kushoto limetulia, la kulia limeanza. Kwa hiyo tuko wazima.

Nirudi kwako. Jana nilikwenda kwa yule muuza nyanya mwenye mdomo. Ananipimia huku ananiangalia na kucheka. Nikamwuliza, "Nina nini usoni?" Akasema, "Bibi, unajifanya mnyonge hapa kwetu, kumbe una watu wako huko." Akanitolea simu. Nikajiona.

Ni mimi. Kitambaa changu cha kichwani, mdomo wazi, kidole juu. Nakumbuka siku hiyo, nilikuwa nakugombeza kwa kuacha pasi kwenye moto mpaka ukaunguza shati la mjomba wako. Wewe ulikuwa umeshika simu, nikadhani unaangalia saa. Chini ya picha pameandikwa BIBI HAFICHI. Unajua mimi nasoma kwa kidole, elimu yangu ni ile ya jioni ya watu wazima, lakini yale niliyasoma haraka kwa sababu niliyajua. Bomba letu linakohoa halitoi maji. Mgombea anayekumbuka njia ya mtaani kwetu kila baada ya miaka mitano. Hayo nilikuandikia wewe mwezi wa kwanza, kwa mkono wangu, kwenye meza hii. Halafu mwishoni mmeniongezea: "Wajukuu zangu, mabadiliko ni sasa." Mimi nimesema lini neno kama hilo? Nina wajukuu wanne na hakuna hata mmoja niliyemwambia habari za mabadiliko.

Nilikuandikia wewe. Sikuuandikia ulimwengu. Nijibu ni nani aliyekutuma, na usinijibu kwa simu, kwa simu wewe ni mjanja sana.

Bibi yako


19 Machi

Bibi yangu, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Mimi mzima, nakula vizuri, nalala mapema ila Jumamosi. Mwambie Mama nimepata mashati aliyoshona, yananikaa vizuri, watu ofisini wameuliza fundi ni nani. Mjomba mwambie feni ile aifungue akaze skrubu za nyuma.

Nisamehe. Nilipaswa kukuomba. Nilijua ukikataa sitaweza tena, ndiyo maana sikuuliza. Huo ndio ukweli wote.

Ofisi yetu iko ghorofani, juu ya duka la matairi, kila kitu kinanuka mpira. Tuko sita kwenye meza moja ndefu. Kazi yetu ni kuandika blogu na kujibu watu mitandaoni wakati huu wa uchaguzi. Jirani yangu ana ndevu mpaka kifuani na anaandika kama binti wa chuo, ameshaposwa mara mbili. Mwingine anajifanya mchungaji, mwingine dereva wa teksi. Mimi nilikosa wa kuwa. Siku moja nikasoma barua yako kwa sauti, kwa kuwachekesha tu, na msimamizi akatoka chumbani kwake akasema, huyo, mleteni huyo.

Bibi, watu hawasomi tena magazeti, na wakisoma hawaamini. Mgombea akisema jambo mwenyewe wanamzomea. Lakini bibi akisema, wanamtumia shangazi, shangazi anatuma kwenye kundi la kanisa au la msikiti, jioni limefika nchi nzima. Wewe una wasomaji elfu themanini. Hata waziri hana hao. Wanaandika chini yako, "Bibi nifokee na mimi." Mwanamke mmoja alisema amelia kwa sababu bibi yake alifariki na alikuwa na ukali huohuo.

Siongopi. Nachukua barua zako, nakata hapa, naongeza pale. Wanaotuajiri ni watu wanaopenda maendeleo. Ukitaka niache, nitaacha. Ila nitahuzunika, na elfu themanini watahuzunika.

Mumeo mdogo


6 Aprili

Mume wangu mjinga,

Marahaba. Sisi wazima. Skrubu zimekazwa, sasa feni inapiga kelele na kutembea. Mama yako alicheka uliposema fundi ameulizwa, akajifanya hakusikia, akaniomba nisome tena.

Barua yako imechukua wiki mbili na nimeisoma siku mbili. Sijakusamehe. Lakini kama umeshaniweka huko, picha ile iondoe. Nimetoa macho kama niliyebanwa na mlango. Iko ile ya harusi ya binamu yako, nimevaa gauni la bluu, mdomo umefungwa. Muuza nyanya anasema ile ya kidole juu ndiyo watu wanaipenda. Yeye anajua nini.

Na kuhusu elfu themanini. Nimejaribu kuwawaza nikashindwa. Kituo cha afya nilifua mashuka ishirini kwa siku, miaka thelathini, na mashuka ya mwaka mzima hayafiki hata robo ya hao watu.

Sasa sikiliza ya huku. Rafiki yangu Mkunga anagombea kiti cha baraza la mji. Unamjua, tulifanya kazi kituo cha afya pamoja, yeye wodi ya wazazi, mimi chumba cha kufulia, ukuta mmoja. Anagombea kwa sababu wanataka kufunga wodi ile, wanasema kina mama waende hospitali kubwa, mwendo wa saa mbili. Anayeshindana naye ni Mwenye Malori, yule ambaye yadi yake imepakana na kituo na imejaa mpaka malori yanalala barabarani. Kila mtu anaona wodi ikifungwa kiwanja kitakwenda wapi.

Jumapili ulikuwa mkutano wa kwanza, uwanja wa shule. Nilivaa lile gauni la bluu. Nilijua atanipa nafasi ya kumtambulisha kwa watu, nani anamjua kunizidi? Akamwita mwalimu mstaafu. Mimi akaniambia, "Dada, mwalimu anajua kupanga maneno. Wewe niangalizie viti visiibiwe." Viti. Elfu themanini wananisubiri nifungue mdomo na mimi nahesabu viti vya plastiki.

Ngoja nikwambie, na huyo Mkunga asijione malaika. Ule mwaka uliozaliwa wewe, alimwacha mzazi kitandani anavuja damu akatoka, na aliporudi yule mwanamke alikuwa ameshakufa. Mashuka yale niliyafua mimi. Sijawahi kumwambia mtu. Viti, ananiambia mimi.

Kula vizuri.

Bibi yako


9 Aprili

Mjukuu wangu,

Hujambo. Mimi sijambo sana. Mvua imenyesha siku tatu, paa limevuja juu ya kitanda changu, nimehamia jikoni na godoro langu, nalala kati ya jiko na gunia la mkaa kama paka.

Ile habari ya Mkunga niliyokuandikia juzi, ichome. Niliandika nikiwa na hasira ya viti. Kuna mambo sikuyasema na sitayasema. Jana yeye mwenyewe alikuja na uji, akanikuta jikoni, akanicheka, tukacheka wote. Ichome hata kabla hujamaliza kusoma hii. Ukishachoma niandikie neno moja tu, nimechoma.

Bibi


28 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya, kazi ni nyingi, uchaguzi umekaribia, tunaandika mpaka vidole vinakufa ganzi. Nimepata barua yako ya tarehe sita, nimefurahi sana. Posta siku hizi wanajivuta, kama umeandika nyingine haijanifikia. Msalimie Mama, mwambie nitatuma picha nikiwa na shati la mistari.

Picha ya gauni la bluu nimeitafuta sijaiona.

Jambo dogo. Yule mzazi uliyemtaja, Mkunga alipotoka, alikwenda wapi? Nauliza tu, nimekuwa nikiwaza.

Wako


10 Mei

Hapana salamu.

Mama yako mzima. Hiyo inatosha.

Ijumaa nimeamka naona wanawake wamesimama mlangoni kwangu. Hawakuja kunisalimia. Mmoja akaniambia, "Bibi, asante kwa kutufumbua macho." Mwingine akatema mate karibu na mguu wangu, yule ambaye Mkunga alimzalisha watoto watano. Sikuelewa hata mmoja. Nikamfuata muuza nyanya. Safari hii hakucheka. Alinisomea, polepole, nami nikasimama pale nasikiliza maneno yangu.

"Mashuka yale niliyafua mimi." Umeandika hivyo hivyo, hukukata. "Alimwacha mzazi akafa, leo anaomba kura. Mimi Bibi Hafichi nilikuwepo." Na picha yangu, kidole juu, namnyooshea rafiki yangu.

Wameichapa habari hiyo kwenye karatasi, zimebandikwa kwenye nguzo za umeme kutoka sokoni mpaka kituo cha afya. Nimebandua mpaka kucha zimeuma. Nikifika mwisho wa barabara, mwanzo pamebandikwa tena. Waliokuwa wanabandika wamevaa fulana za kampuni ya malori. Nikawauliza mmetoa wapi haya. Wakaniambia, "Bibi, si ni wewe? Mzee ameshukuru sana." Ndipo nilipowajua hao wapenda maendeleo wako.

Mkunga hana simu ya kuingia mitandaoni. Jibu lake alilitoa sokoni, amesimama juu ya sanduku la soda, kwa sauti yake ya wodi. Tulikuwa labda watu arobaini. Alisema, ni kweli, mama yule alifariki mikononi mwangu, hakuna siku nisiyomkumbuka. Wakamwuliza alikwenda wapi. Akasema, "Nilikwenda." Basi. Wakaanza kuzomea. Wengine walikuwa wanampiga picha ya video huku wanazomea, na jioni ile picha imeenda kwa watu wako elfu themanini ikiwa imekatwa, imebaki anasema "ni kweli, alifariki mikononi mwangu," halafu inaanza tena.

Watu arobaini walisikia jibu zima. Nimekwenda kwake mara tatu. Taa inawaka, mtu yumo, mlango haufunguliwi.

Nilikuambia uchome. Uliichoma? Iondoe hiyo habari leo, na umwandikie jibu lake lote, neno kwa neno, mahali palepale. Bado kuna mwezi mzima kabla ya kura.

Siandiki tena mpaka nione.


27 Mei

Shikamoo Bibi,

Najua hutaki salamu zangu. Msalimie Mama hata hivyo.

Barua yako ya kuniambia nichome ilifika imechelewa. Habari ilikuwa imeshatoka. Ningejua, mambo yangekuwa mengine. Lawama iende posta.

Niliomba tuiondoe. Msimamizi alinionyesha kwamba hata tukiiondoa kwetu, iko kwenye kurasa mia tatu nyingine, watu wameinakili, wamesoma kwa sauti wakajirekodi, kuna mmoja ameitungia wimbo. Habari ikishatoka haina mwenyewe. Na jibu la Mkunga, tuliliweka siku moja. Lilisomwa na watu wachache sana. Watu hawasambazi maelezo, Bibi, wanasambaza hasira. Sikulianzisha mimi hilo.

Na nitasema hata kama utanilaani. Sikutunga. Si wewe uliyeniandikia? Je, ni uongo? Mwanamke hakufa? Kama kuna lililobaki, nilikuuliza kwa adabu alikwenda wapi, hukunijibu. Mwandishi hawezi kuandika asichoambiwa. Wewe ulikuwa na miezi miwili ya kusema, na miaka ishirini na minane kabla ya hapo.

Uchaguzi ukiisha nitakuja. Nitaleta bati za paa.

Mjukuu wako


25 Julai

Mjukuu wangu,

Nimekaa na barua yako karibu miezi miwili. Salamu za nyumbani ni hizi. Mjomba wako ameacha kwenda kahawani kwa sababu wanamwita mtoto wa Bibi Hafichi. Mama yako amepoteza kazi ya sare, mwalimu mkuu alikuwa anamuunga mkono Mkunga. Magoti yote mawili yamekwisha. Muuza nyanya ananiuzia bila kusema kitu, na yule mwanamke kunyamaza kwake naona ni msiba.

Mkunga alishindwa vibaya. Unajua hilo, nyinyi mlishangilia, niliambiwa mlikata keki pale juu ya matairi. Baraza jipya lilikaa kikao kimoja. Wiki iliyopita walikuja kutoa vitanda vya wodi ya wazazi, wakavipakia kwenye lori. Nilikwenda kuangalia. Kuna msichana alikuja na uchungu wakati vitanda vinatoka, mumewe anauliza tuingilie mlango gani. Wakamwelekeza stendi ya basi.

Sasa la posta. Muuza nyanya amehifadhi habari zako zote, nilimwomba anisomee kuanzia nyuma. Tarehe ishirini Aprili umeandika kwamba Bibi Hafichi paa linavuja, analala jikoni kati ya jiko na gunia la mkaa kama paka, halafu ukauliza baraza la zamani limefanya nini. Habari ya jikoni iko kwenye barua moja tu, ile ya tarehe tisa, ile ya nichome. Kwa hiyo tarehe ishirini ulikuwa nayo mkononi. Uliisoma, ukachukua paka, ukaacha mengine. Tarehe ishirini na nane ukaniambia haijafika. Halafu siku chache baadaye ukaitoa ile ya Mkunga. Na hilo la posta ulinidanganya mara mbili, kwa maandishi mazuri.

Nilitaka kuishia hapo. Ningelala nikiwa na amani, mwenye kosa ni wewe. Lakini umeniuliza swali mara mbili na mara zote mbili nimelikwepa, na Mkunga alilikwepa mbele ya watu akiwa juu ya sanduku, ananitazama mimi. Hilo la kunitazama sikukuandikia.

Ilikuwa saa saba mchana. Yeye alikuwa peke yake, mwenzake ameugua. Chumba cha kwanza yule mwanamke, ameshajifungua, damu haikatiki. Chumba cha pili mama yako, na wewe umetanguliza miguu. Mimi nilikuwa nafua. Nikasikia mama yako anapiga kelele, nikaingia wodini mikono ina sabuni, nikamshika Mkunga kifundo cha mkono. Akaniambia, "Dada, huyu anavuja, nipe dakika kumi." Sikumpa. Nilimvuta. Alijaribu kujitoa na mimi nilikuwa na nguvu ya kukamua mashuka ishirini kwa siku. Nilimwambia akimwacha binti yangu nitasema kwa kila mtu kwamba alimwua. Akaja. Akakugeuza, akakutoa, ukalia. Aliporudi chumba cha kwanza ilikuwa imekwisha.

Kwenye kitabu cha wodi aliandika kwamba alitoka. Hakuandika aliitwa na nani. Walimsimamisha kazi miezi sita, na alipokuwa amesimamishwa alikuja kukuogesha kila asubuhi kwa sababu mama yako alikuwa na homa. Hajawahi kunikumbusha, hata siku tulipogombana vibaya. Mimi ndiye niliyechukua nusu ya habari nikakupa kwa sababu ya viti. Nilijua ni nusu wakati naandika. Nilikuwa nimeshazoea kusomwa.

Mama yako nimemwambia leo asubuhi. Alikuwa anakata kitambaa, mkasi ukasimama, hakunitazama, akaendelea kukata.

Na wewe usijitetee na huo uchanga wako. Mtoto mchanga hana kosa. Wewe wa mwezi wa nne mwaka huu unalo.

Bati zako sizitaki. Fanya hivi, na ufanye kwa mpangilio huu. Chukua barua hii, iweke pale panapoitwa Bibi Hafichi, yote, pamoja na mahali nilipokosea, usikate wala usiongeze, na chini yake useme kwa jina lako kwamba miezi yote hiyo aliyekuwa anaandika ni wewe na aliyekuwa analipa ni Mwenye Malori. Najua itasomwa na wachache. Iweke. Watakufukuza siku hiyohiyo, kusanya vitu vyako ushuke hizo ngazi. Halafu panda basi uje. Usipite kwangu, wala kwa mama yako. Nenda kwa Mkunga kwanza, ubishe hodi, asipofungua ukae kwenye ngazi, na akifungua umwambie wewe ndiye yule uliyetanguliza miguu.

Bibi yako